Kabla ya Sola, Pima Hewa: Ghala Kuukuu Linavyogeuka Ofisi

Ghala kuukuu likitangazwa kuwa ofisi mpya, picha inayotangulizwa karibu kila mara ni ya paa lililofunikwa paneli za umeme wa jua. Hufuata orodha ya mitambo: viyoyozi vya kisasa, taa za LED, vitambuzi vinavyozima taa mtu akitoka chumbani. Vyote ni vitu vizuri. Lakini havijibu swali linaloamua kama jengo hilo litakula umeme kidogo au litaufyonza kwa miaka 30 ijayo: ni mita ngapi za ujazo za hewa ambazo mwenye jengo ameamua kuzipoza au kuzipasha joto?

Chukua ghala la kawaida la chuma na mabati, urefu mita 60, upana mita 30, kimo mita 9. Sakafu yake ni mita za mraba 1,800, eneo la kutosha ofisi ya watu mia moja na zaidi bila kubanana. Ndani yake mna mita za ujazo 16,200 za hewa. Watu hao wakiwa kwenye madawati yao wanatumia kama mita mbili za chini. Mita saba za juu hazimhudumii mtu, na wakati wa baridi ndiko joto linakopanda na kubaki. Sasa tuseme ndani ya ghala hilohilo umejengwa ukumbi wa kazi wenye eneo la mita za mraba 1,000 na dari ya mita 3, na sehemu iliyosalia ikaachwa iwe njia, mahali pa kukutania, pa kulia na pa kuegesha baiskeli. Hewa inayohitaji kutunzwa imeshuka hadi mita za ujazo 3,000, chini ya moja ya tano. Hakuna kiyoyozi kinachouzwa leo ambacho ubora wake peke yake ungeleta punguzo la ukubwa huo.

Hoja yangu inaanzia hapo. Ofisi inayobana nishati hupatikana ndani ya ghala pale ambapo wahusika wanakubali kwamba si kila pembe ya ghala ni ofisi. Anayetaka kila mita yake iwe na nyuzi joto 22 mwaka mzima atalipia tamaa hiyo kwa mitambo mikubwa, na paneli atakazoweka juu zitakuwa zinalipia kosa la mchoro.

Kwanza, hata hivyo, tuulize kwa nini ghala lihifadhiwe badala ya kubomolewa. Jibu liko kwenye saruji na chuma. Utengenezaji wa saruji peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi yote inayotokana na shughuli za binadamu, na chuma hakiko mbali na kiwango hicho. Katika jengo la kawaida, msingi, nguzo na sakafu ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya gesijoto iliyotolewa wakati wa ujenzi. Ghala lililosimama limeshalipa deni hilo miaka mingi iliyopita. Ukilibomoa na kujenga jipya, unalipa mara ya pili, na unalipa yote leo, kabla mfanyakazi wa kwanza hajawasha taa.

Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, National Trust for Historic Preservation, ilitoa utafiti uliolinganisha kukarabati na kujenga upya katika miji minne: Portland, Phoenix, Chicago na Atlanta. Ulionyesha kwamba jengo jipya, hata likibana nishati kwa asilimia 30 kuliko la zamani, huchukua kati ya miaka 10 na 80 kufidia madhara ya tabianchi yaliyotokana na ujenzi wake. Matokeo hayo yamenukuliwa sana na watetezi wa ukarabati, nami ni mmoja wao. Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba utafiti huohuo ulikuta tofauti moja: ghala lililogeuzwa kuwa nyumba za makazi. Huko, katika baadhi ya vipimo, ukarabati ulikuwa na madhara makubwa kidogo kuliko kujenga upya, na sababu mojawapo ilikuwa wingi na aina ya vifaa vipya vilivyoingizwa ndani.

Tofauti hiyo inastahili kutazamwa na kila anayepanga kugeuza ghala, hata kama anachotaka ni ofisi na si nyumba. Faida ya jengo la zamani haitoki kwenye umri wake. Inatoka kwenye vitu ambavyo hukulazimika kuvinunua. Ukiingiza kuta mpya, dari za jasi kila mahali, sakafu za kuinuliwa, vioo vya ukuta mzima na njia za hewa za bati kilomita nzima, umenunua jengo jipya na kulificha ndani ya la zamani.

Maghala yenyewe ni ya aina mbili kubwa, na tabia zao hazifanani. Kuna lile la matofali mazito, la ghorofa kadhaa, lililojengwa karibu na bandari au reli. Mtaa wa Speicherstadt mjini Hamburg, Ujerumani, ulioanza kujengwa mwaka 1883 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015, una safu nzima za majengo hayo, na mengi sasa yana ofisi ndani. Kuta zake nene hukawia kupata joto na hukawia kupoa. Aina ya pili ni banda la chuma na mabati, la sakafu moja, lenye ngozi nyembamba isiyo na subira: jua likichomoza limepata moto, likizama limepoa. Mtu akikupa ushauri wa kukarabati ghala bila kuuliza ni la aina ipi, usimlipe.

Nitakaa zaidi kwenye banda la mabati, maana ndilo lililoenea na ndilo linaloharibiwa zaidi wakati wa kugeuzwa. Paa ndiko kila kitu kinakoamuliwa. Bati tupu hupitisha takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Tofauti ikiwa nyuzi 10, paa letu la mita za mraba 1,800 linavusha kilowati 108. Lifunike kwa sufu ya madini, kihami joto (yaani kizuia joto) cha nyuzi za mawe au kioo, yenye unene wa milimita 150 na kiwango hicho kinashuka hadi kama robo ya wati kwa mita. Paa zima sasa linavusha kilowati 4 na kitu. Hapo hatujalihesabu jua. Bati la rangi iliyokolea likipigwa na jua la mchana hufika nyuzi 60 na zaidi, na kila mita yake huteremsha ndani zaidi ya wati 200 za joto. Sehemu ya joto hilo huja kwa mnururisho, moja kwa moja kutoka kwenye bati hadi kwenye vichwa vya watu, kwa hiyo kipimajoto cha ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 26 na watu bado wakalalamika kwamba wanaungua. Wana haki. Kipimajoto kinapima hewa, miili yao inapokea joto la bati.

Rangi nyeupe ni hatua ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote: paa jeupe safi linaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali jeusi hunyonya karibu wote. Karatasi ya alumini inayong'aa nayo husaidia sana, kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Lazima pawe na nafasi ya hewa mbele ya upande wake unaong'aa. Karatasi iliyobanwa pande zote mbili bila nafasi hiyo haizuii karibu chochote, kwa sababu joto hupita kwa kugusana. Nimeona kazi ambayo kila kitu kilinunuliwa vizuri, kikafungwa bila nafasi hata ya kidole, na fedha yote ikapotea.

Halafu kuna maji. Mtu mmoja aliyekaa ofisini hutoa takriban gramu 50 za mvuke kwa saa kwa kupumua na kutoka jasho. Watu mia kwa saa nane ni lita 40 za maji, kila siku ya kazi, hewani. Bati lililo wazi kwa anga hupoa usiku kuliko hata hewa inayolizunguka, na mvuke unaolifikia hugeuka matone. Enzi za magunia na masanduku hapakuwa na watu mia wanaopumua humo, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Ofisi ikiingia, sufu iliyofungwa chini ya bati bila kizuizi cha mvuke inaloa, inalala, inapoteza kazi yake, na kenchi zinaanza kupata kutu mahali ambapo hakuna anayeziona kwa sababu dari imeshafungwa. Kizuizi hicho hukaa upande wa joto: kwenye nchi za baridi ni upande wa ndani, kwenye nchi za joto na unyevu zenye viyoyozi ni upande wa nje. Ukinakili mchoro wa nchi ya baridi ukaupeleka kwenye joto la pwani, umejenga mtego wa maji.

Kwa mabanda mengi ningependekeza kihami joto kiwekwe juu ya bati la zamani na bati jipya jeupe lije juu yake. Bati la zamani linabaki kazini, ndani hapaguswi, na kenchi za chuma zinabaki upande wenye joto la ndani. Chuma hupitisha joto mara elfu moja na zaidi kuliko sufu ya madini, kwa hiyo kila nguzo inayotoboa kihami joto kutoka ndani hadi nje ni mfereji. Njia hii inaongeza uzito, na uzito ndio udhaifu wa banda.

Udhaifu huo huwashangaza wengi. Ghala linaonekana gumu kwa sababu sakafu yake ni ngumu. Ofisi husanifiwa kubeba takriban kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na sakafu ya ghala hubeba mara mbili au tatu ya hapo bila shida. Lakini paa lilisanifiwa kwa hesabu ya senti: bati, upepo, mvua au theluji ya mahali hapo, basi. Paneli za sola na fremu zake huongeza kilo 12 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, na upepo ukiingia chini yake huvuta paa kwenda juu. Mhandisi wa miundo aitwe kabla ya mchoro wa kwanza, si baada ya paneli kununuliwa. Paa likikataa, zipo njia nyingine. Kampuni ya ujenzi ya DPR Construction, ilipogeuza jengo la biashara lililotelekezwa mjini Phoenix, jangwani Arizona, kuwa ofisi yake mwaka 2011, iliweka paneli juu ya vivuli vya maegesho ya magari. Ndani ilitumia feni kubwa, madirisha yanayofunguka, minara inayopoza hewa kwa maji na dohani refu linalopashwa na jua ili kuvuta hewa moto itoke. Jengo hilo lilithibitishwa kuwa linazalisha nishati sawa na linayotumia. Kilichonivutia ni kwamba, katika moja ya miji yenye joto kali kuliko yote Marekani, walisanifu jengo ili waweze kukaa sehemu ya mwaka bila kiyoyozi.

Kabla ya kutoboa paa lolote la zamani, angalia kama ni la asbestosi. Mabati ya saruji na asbestosi yalitumika kwenye maghala duniani kote katika karne ya 20. Uingereza ilipiga marufuku asbestosi mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote ukafuata mwaka 2005, lakini marufuku haiondoi kilichokwisha kuezekwa. Nyuzi zake huua kwa ugonjwa wa mapafu unaojitokeza miongo kadhaa baadaye. Kipande kipimwe maabara, na likikutwa, paa liondolewe na watu wenye leseni na mavazi ya kazi hiyo. Hapa sina nafasi ya mjadala kuhusu gharama.

Ghala la matofali lina tatizo la kinyume. Paa lake kwa kawaida ni dogo ukilinganisha na kuta, na kuta zenyewe mara nyingi zinalindwa kisheria, kwa hiyo huwezi kuzivika koti upande wa nje. Kihami joto kinalazimika kukaa ndani, na ukiweka ndani, tofali la nje linabaki baridi na lenye unyevu kuliko lilivyozoea. Ncha za mihimili ya mbao zilizozikwa ukutani huanza kuoza. Kwenye nchi za barafu tofali lenyewe linapasuka. Vifaa vinavyoruhusu mvuke kupita, kama mbao za nyuzi za miti au mabamba ya silikati ya kalisi pamoja na lipu ya chokaa, huupa ukuta nafasi ya kukauka. Povu la plastiki na rangi isiyopitisha hewa huufunga. Kwa sababu hiyo ni busara kuridhika na unene wa wastani. Taasisi ya Passivhaus Institut ya Darmstadt, Ujerumani, ambayo viwango vyake vya majengo yanayobana nishati ni vikali kuliko karibu vyote, imekubali ukweli huo: kwa jengo jipya inadai joto la kupasha lisizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka, lakini kwa ukarabati katika hali ya hewa ya wastani, chini ya kiwango chake cha EnerPHit, inaruhusu 25.

Sakafu ni habari njema, na nitaipitia haraka. Watu hung'oa zege zima ili waweke kihami joto chini yake. Kwa ghala kubwa hilo kwa kawaida ni hasara, kwa sababu joto hukimbilia pembeni. Katikati ya sakafu pana ardhi yenyewe imeshakuwa blanketi. Hami ukingo unaozunguka, kwa kushuka chini kando ya msingi, na uache zege likae wazi. Zege tupu hunyonya joto la mchana na, pale ambapo usiku unapoa, ukifungua madirisha ya juu hulitoa.

Turudi kwenye ule ukumbi ndani ya ghala. Mfano mkubwa unaojulikana ni banda la ndege la mbao mjini Los Angeles, lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya ndege kubwa ya Howard Hughes, ambalo Google ilifungua kama ofisi mwaka 2018. Ndani yake yamesimamishwa majukwaa ya ghorofa nne yanayojitegemea, bila kuegemea mbao za zamani. Ni kazi nzuri ya kuheshimu muundo wa kale. Lakini ghorofa nne za chuma na zege ni vifaa vingi, na kwa ghala la kawaida nisingezifuata. Mantiki ninayoitetea inaonekana vizuri zaidi Duiven, Uholanzi, ambako kampuni ya mtandao wa umeme ya Alliander mwaka 2015 ilikamilisha kuyaweka majengo yake ya zamani chini ya paa moja kubwa lililosanifiwa na ofisi ya RAU. Nafasi kati ya majengo si nje wala si ndani kabisa. Hewa yake haitunzwi kama ya ofisini, watu hupita na kukutana humo, nayo inayakinga majengo dhidi ya baridi na upepo. Hayo yalikuwa majengo ya ofisi, lakini somo linahamia kwenye ghala bila kubadilishwa: ghala lenye ganda la wastani, na ndani yake vyumba vichache vyenye ganda bora.

Mpinzani atasema kwamba ukumbi wa dari fupi unaua kile kinachowavuta watu kwenye ghala, yaani kimo na uwazi. Ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba si lazima ukumbi uwe sanduku la giza. Kuta zake zinaweza kuwa za kioo, zikitazama uwazi wa ghala, na mtu akitoka kwenda kunywa chai anautembea ukubwa huo wote. Kuna pia hali ya hewa ambapo ukumbi hauhitajiki: mahali ambapo kwa miezi mingi nyuzi hazipandi sana wala kushuka sana, ganda zuri, kivuli na feni vinatosha kulifanya ghala zima likalike. Feni inayosukuma hewa kwa mwendo wa chini ya mita moja kwa sekunde humfanya mtu avumilie nyuzi 2 au 3 zaidi bila usumbufu, kwa umeme ulio sehemu ndogo sana ya ule wa kiyoyozi. Na hewa nyingi ya ghala ina faida yake hapo, kwani kaboni dioksidi ya pumzi hujaa polepole kuliko kwenye chumba kidogo.

Mwanga ndio unaoamua ukumbi ukae wapi. Mwanga wa dirishani huingia vizuri kwa umbali wa kama mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha linaloishia mita 3 linafaa meza zilizo ndani ya mita 6 au 7. Ghala lenye upana wa mita 30 lina giza katikati. Kwa hiyo madawati yakae pembeni, vyumba vya mikutano, vyoo na stoo vikae katikati, na milango mikubwa ya kupakulia mizigo ijazwe vioo badala ya kutoboa kuta upya. Juu, kioo cha asilimia 5 hadi 10 ya eneo la paa kwa kawaida kinatosha, tena kielekezwe mbali na jua: kaskazini kwa walio kaskazini mwa ikweta, kusini kwa walio kusini. Mapaa ya zamani yenye umbo la meno ya msumeno yalijengwa kwa akili hiyohiyo, na anayeyakuta kwenye ghala lake ana bahati. Kioo kinacholala bapa kuelekea anga ni jiko.

Mianya ya hewa haipendwi kuzungumzwa kwa sababu haina picha. Ghala lilijengwa livuje hewa. Mizigo ilihitaji hivyo. Ikiwa hewa yote ya ghala letu inabadilika mara moja kwa saa kupitia nyufa, kila nyuzi 10 za tofauti hugharimu zaidi ya kilowati 50 mfululizo. Kipimo chake kipo na ni rahisi: feni hufungwa mlangoni, jengo likaongezwa au kupunguzwa shinikizo hadi paskali 50, na hewa inayopita ikahesabiwa. EnerPHit inataka isizidi ujazo mmoja wa jengo kwa saa katika shinikizo hilo. Kipimo kifanywe kabla dari na lipu havijafunga, fundi akiwa na moshi wa kutafutia nyufa na gundi mkononi, kwa sababu baada ya kumaliza kila kitu hakuna atakayekubali kubomoa. Jengo likishazibwa, hewa safi iletwe kwa makusudi, kama lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, kupitia mtambo unaorudisha joto au ubaridi wa hewa inayotoka. Mitambo mizuri hurudisha asilimia 75 hadi 90.

Hapo tu ndipo mitambo ya kupoza na kupasha ichaguliwe. Mkandarasi anayepewa kazi kabla ya paa na nyufa kushughulikiwa atakadiria kwa ghala lilivyo, ataongeza kidogo kwa usalama, na ofisi itaishia na kiyoyozi kikubwa mno. Kiyoyozi cha namna hiyo hupoza haraka, hujizima, huwaka tena, na hakifanyi kazi kwa muda wa kutosha kukausha unyevu. Watu wanakaa kwenye ubaridi wenye majimaji na kuteremsha nyuzi zaidi. Pampu ya joto, yaani mtambo unaohamisha joto lililopo nje badala ya kulizalisha, ikipimwa sawasawa hutoa vizio 3 hadi 5 vya joto kwa kila kizio kimoja cha umeme.

Paneli sasa. Mita moja ya mraba ya paneli za leo huzalisha takriban kilowati-saa 190 kwa mwaka kaskazini mwa Ulaya, na 300 au zaidi kwenye nchi zenye jua kali. Ofisi inayobana nishati vizuri inaweza kutumia chini ya 100 kwa kila mita ya sakafu. Kwa ghala la sakafu moja, nusu ya paa ikifunikwa, hesabu inakaribia kujilipa hata Ulaya. Ongeza ghorofa ya pili ndani na kila mita ya sakafu imepoteza nusu ya paa lake. Banda la sakafu moja lina uwezo ambao mnara wa vioo hautaupata kamwe, na ni huzuni kuona uwezo huo ukitumiwa kulisha viyoyozi vinavyopoza mita saba za hewa tupu.

Kuna maghala ambayo nisingeyagusa, na sababu si paa wala kuta. Ni mahali yalipo. Mfanyakazi anayeendesha gari kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, kwa lita 7 kwa kilomita 100, anachoma karibu kilowati-saa 25 za mafuta kwa siku. Kwa siku 220 za kazi ni kilowati-saa 5,500. Sehemu yake ya ofisi, tuseme mita za mraba 12 kwa kilowati-saa 100, ni 1,200. Ofisi bora pembezoni mwa barabara kuu isiyo na basi inaweza kutumia nishati mara nne njiani kuliko ndani. Maghala ya zamani ya karibu na reli na bandari yana thamani kubwa kwa sababu mji umekua ukayazunguka. Yale ya kando kabisa ya mji yabaki maghala, kwani mizigo nayo inahitaji mahali.

Mwisho ni mita. Mita moja ya jengo zima haimwambii mtu chochote cha kurekebisha. Ziwepo mita tofauti za taa, mitambo ya hewa, soketi na kompyuta kuu. Zisomwe saa nane usiku, ofisi ikiwa tupu, kwa maana hapo ndipo mashine zilizosahauliwa na feni zilizopangwa vibaya zinapoonekana. Na mkataba useme mapema kwamba sehemu ya malipo ya msanifu na mkandarasi itazuiwa hadi ipite miezi 12 ya matumizi yaliyopimwa, ikilinganishwa na yale waliyoahidi kwenye mchoro. Mwenye jengo anayeweka sharti hilo siku ya kwanza ataona mazungumzo kuhusu unene wa sufu na idadi ya mita za ujazo yakianza yenyewe.